Nyasi za Ndani ya Kioo

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama walimfikiria mgeni wa aina hii, maanake wangu alifika Garissa akiwa ndani ya chupa ya soda ya lita mbili. Alitoka Nairobi kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 350, na njia nzima kaka yangu mkubwa alimpakata mapajani kama mtoto mchanga. Abiria walidhani kabeba dawa ya kienyeji.

Msomaji mpendwa, mgeni mwenyewe alikuwa mmea. Miche mitatu yenye majani membamba mfano wa utepe, urefu wa kiganja, na mizizi myeupe kama uzi wa kushonea. Katika chupa ya pili walikuwamo samaki wanne wadogo wanaoitwa gapi, kila mmoja hazidi kidole changu cha mwisho.

Ni mimi niliyeomba uletwe. Tangu kidato cha kwanza, jaribio la usanisinuru tumelijua kwa penseli tu. Kitabuni kuna mchoro: bika, faneli iliyofudikizwa, mmea wa majini chini yake na mapovu yakipanda juu. Sisi huunakili, kisha tunaandika "mapovu yalionekana." Yalionekana na nani? Mtihani wa kitaifa una karatasi ya vitendo, nayo haimuulizi mtu kama kwao mmea wa majini unapatikana. Mto Tana tunao, ndiyo, tena ndio mrefu kuliko yote nchini, lakini maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Mabwawa matano ya umeme huko juu, kuanzia Kindaruma la mwaka 1968 hadi Kiambere la 1988, huzuia tope jingi, na linalobaki bado linatosha. Tumbukiza mkono hadi kiwiko uone kama utaviona vidole vyako. Mmea gani utaota gizani humo?

Huu wangu kitaalamu unaitwa Vallisneria, kwa heshima ya Antonio Vallisneri, tabibu wa Kiitalia aliyefariki mwaka 1730. Kwa Kiswahili nilitafuta katika kamusi ya maktabani nikatoka mikono mitupu, basi nyumbani tukauita utepe wa maji. (Chama chetu kikipata jina bora zaidi nitashukuru.) Lakini usidhani ni kitu cha Wazungu. Jamaa zake wameota chini ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, wametanda kama malisho, samaki wanapita katikati yao kama mbuzi. Sifa yake kubwa ni kwamba hauna makuu. Hautaki taa maalumu. Hautaki mbolea ya dukani, kwani unakula uchafu wa samaki. Maji magumu yenye chumvichumvi, ambayo mimea mingi ya namna hii huyakataa, wenyewe unayapenda, kwa sababu unaweza kutoa kaboni katika chumvi za bikaboneti zilizoyeyuka humo.

Tangi lilitengenezwa na abti, yaani mjomba, ambaye ni fundi wa vioo na madirisha. Alikusanya vipande vilivyobaki kazini akaviunganisha kwa silikoni. Urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30. Ukipiga hesabu utapata lita 54, lakini humo kuna mchanga, na tangi halijazwi hadi mdomoni. Likameza lita 41, yaani mitungi miwili ya lita 20 na lita moja ya nyongeza.

Hapo ndipo ngoma ilipoanza.

Nyanya yangu, ambaye sisi humwita ayeeyo, aliishi maisha yake yote akichunga. Kisha mvua ikakosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Alikuja kukaa nasi mjini akiwa na mbuzi watatu na mkeka. Ng'ombe hakutaja, na sisi hatukumuuliza. Tangu hapo amekuwa mtu wa kukaa barazani na tasbihi yake, hasemi sana. Siku ile alisimama mbele ya tangi akaangalia mitungi mitupu, akaangalia kioo, akaniangalia.

"Ayeeyo," akaniita. (Kwetu nyanya humwita mjukuu kwa jina lile lile analoitwa yeye.) "Maji haya nani anakunywa?"

"Hakuna anayekunywa, ayeeyo. Ni ya nyasi hizi."

"Na nyasi nani anakula?"

Nikawa kimya kama maji mtungini. Mtu aliyeona wanyama wake wakilala wasiinuke tena, utamwambia nini kuhusu usanisinuru? Katika mji ambao maji hununuliwa kwa mkokoteni wa punda bomba likikauka, lita 41 zilizokaa bure si mchezo.

Nililala na swali lile. Kesho yake nikamjia na hesabu. Mpapai wetu nyuma ya nyumba hupewa maji kila wiki apende mtu asipende. Kila Ijumaa nitachota lita nane kutoka tangini niupe mpapai, na zile lita nane ambazo zingeenda kwenye mpapai zitaingia tangini. Kwa hivyo nyumba haitumii hata tone zaidi, isipokuwa yanayopanda hewani, na hayo abti aliyapunguza kwa kukata kioo cha kufunikia. Tena maji yaliyotoka kwa samaki yana naitrojeni, mpapai utanawiri. Ayeeyo alihesabu kwa vidole, akarudia.

"Haya," akasema. "Lakini ukame ukirudi, utayanywa."

Nikasema nitayanywa.

Mama naye alikuwa na lake: mbu. Hapo sikumlaumu hata kidogo. Mwaka 2016 watu wa Mandera waliumwa chikungunya wakashindwa hata kusimama, na mbu wailetao hutaga mayai katika maji yaliyowekwa majumbani. Lakini gapi kazi yao ni kula viluwiluwi. Nikamsimulia pia kwamba katika miaka ya 1980 wataalamu waliwaweka perege wa aina ya Oreochromis spilurus katika berked za kaskazini mwa Somalia ili wapambane na malaria, na perege hao hao wamo katika Tana yetu. Mama alisema sawa, ila siku atakayoona kiluwiluwi kimoja, kioo kitarudi kwa ndugu yake.

Sasa nieleze kupanda kwenyewe, maana najua kuna watakaotaka kujaribu. Mchanga niliuleta kutoka mtoni nikauosha mara kumi na moja, na mara ya kumi na moja maji bado yalitoka meupe kidogo, nikachoka nikaacha. Maji ya bomba yana klorini, hivyo niliyaweka kwenye ndoo wazi siku mbili iondoke. Kisha unafukia mizizi, mizizi peke yake. Ile shingo ambapo majani hukutana na mizizi lazima ibaki juu ya mchanga, ukiifukia inaoza na mmea unakwenda nayo.

Na mwanga? Hapa ndipo watu hunicheka. Garissa! Jua letu limejengewa mtambo wa umeme wa megawati 50 uliozinduliwa mwaka 2019, na mimi natafuta kivuli. Lakini tangi ukiliweka juani, siku chache tu ukoga utashika kila mahali na maji yawe kama supu ya mchicha, na samaki wachemke. Langu liko pembeni mwa sebule, hatua nne kutoka dirishani, na dirisha lenyewe limefunikwa na mwarobaini. Mwanga huo hafifu unautosha. Unakua polepole, ni kweli, lakini ukoga nao haupati nguvu.

Wiki ya pili mambo yakaharibika. Majani yalianza kuwa meupe, kisha yakalegea kama tambi zilizopikwa zikapita kiasi. Kaka alikuwa ameniambia mapema kwa simu kuwa mmea huu ukihamishwa huyayuka kwanza, ukazoea, ndipo ukaota upya. Kuambiwa ni kitu kimoja. Kila asubuhi niliondoa majani yaliyooza nikabaki na vishina vitatu visivyo na sura.

"Umekufa," akasema ayeeyo.

"Mizizi bado myeupe." Ilionekana kupitia kioo, chini.

Akainama. Aliinama kwa muda, mkono mgongoni. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba nyasi za kwao nazo huonekana zimekufa, mtu mgeni atahama, lakini mchungaji hung'oa moja akatazama mzizi kabla ya kuamua. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima.

Siku ya 19 jani jipya lilitokeza, kijani, jembamba kama sindano. Ni ayeeyo aliyeliona, mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni badala ya barazani. Tangu siku hiyo kuwalisha samaki ikawa kazi yake, na mtu akizidisha chembe moja ya chakula anagombezwa. Ndiye pia aliyegundua kuwa alfajiri, anapoamka kuswali, samaki huwa juu wakitwetatweta. Jambo hili lina sababu. Maji ya nyuzi 30 hubeba takriban miligramu saba na nusu za oksijeni kwa lita, ilhali ya nyuzi 20 hubeba tisa, na usiku mmea wenyewe unavuta oksijeni kama sisi. Abti akainua kifuniko kidogo kwa vipande vya mbao, hewa ikapita. Maji yakawa yanapungua kwa kasi zaidi, na ayeeyo, yule yule, hakusema neno.

Baada ya miezi miwili ukaanza kutambaa. Utepe wa maji hutoa kikonyo juu ya mchanga, mbele kidogo kinatoa mche, mche unatoa kikonyo kingine, mfano wa ukoka uwanjani. Kitabu kinasema pia una maua: ua la kike hupanda hadi juu ya maji kwa kikonyo kirefu, yale ya kiume hukatika chini yakaelea kulitafuta, na likishapata, kikonyo hujikunja kama springi kikalivuta tunda chini. Natamani kuyaona. Lakini mmea wa kiume na wa kike ni mbali mbali, na sijui nilioletewa ni upi, kwa hiyo mpaka sasa ni vikonyo tu. Mitatu ikawa tisa, tisa ikawa 20.

Wenzangu wawili darasani wakasema, kwa nini tusiumwage ule uliozidi kwenye dimbwi la mto, uote, shule zote zipate? Wazo lilinipendeza. Nilipolifikisha nyumbani, ayeeyo alikasirika kweli kweli.

"Mathenge ulikujaje?" akaniuliza. "Si ulikuja hivi hivi, mche mkononi mwa mtu mwema?"

Kila mtu wa huku anaujua mathenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa Bura, kusini yetu, uzuie jangwa na kutoa kuni. Leo umefunga njia za mifugo kwenda mtoni, miiba yake hutoboa gurudumu, na maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi. Nikakumbuka na gugumaji la Ziwa Victoria, lililotoka Amerika Kusini kwa sababu ya maua yake mazuri. Sikuwa na la kujibu, na sikutafuta. Ile miche ya ziada aliichukua mwenyewe, akaitandaza juani mpaka ikakauka, akawapa mbuzi. Mmoja alinusa akaondoka. Wawili walikula.

Jaribio tulilifanya muhula wa pili. Nilibeba miche sita kwenye mtungi, nikatembea kwenda shule taratibu kama aliyebeba mayai. Tuliweka faneli, tukaongeza chumvi ya bikaboneti kijiko kimoja, tukasogeza bika juani. Kwanza kimya. Mvulana mmoja wa nyuma akaanza kuguna. Kisha povu moja, kama kichwa cha pini, likachomoka penye jani lililokatwa, likapanda. Darasa zima lilipiga kelele mpaka kidato cha pili wakachungulia dirishani. Juani tulihesabu mapovu 31 kwa dakika, kivulini tisa, chini ya kitambaa cheusi moja tu, nalo tulibishania. Mwalimu alituacha hadi saa nane gesi ijikusanye, akaingiza kijiti chenye kaa. Hakikuwaka moto kama kitabu kisemavyo. Kaa liling'aa tu, jekundu, kwa muda mfupi, na watu 46 wakaliona kwa macho yao.

Miche minne nimeiacha maabara, kwenye beseni karibu na kabati, mbali na dirisha. Nyumbani kuna mingine. Atakayehitaji aje kidato cha tatu na chupa yenye kifuniko na mchanga uliooshwa, akipenda mara kumi. Ila kwanza atapelekwa kwa ayeeyo, aahidi mbele yake kwamba hautatupwa mtoni wala kwenye berked ya mtu. Huwa anapatikana sebuleni baada ya swala ya alasiri.