Risasi Tatu Hazitoshi

Mutshatsha

Mwanangu Kapenda,

Mvua za kwanza zimenyesha, watu wako mashambani wanapanda mahindi, na treni za shaba zinatupita kuelekea Dilolo mpaka Lobito bila kutuachia kitu ila honi. Bibi yako amepona mguu, ameanza tena kusonga bukari mwenyewe. Mama yako naye mzima, ila ile picha uliyomtumia kutoka Iowa imemkosesha usingizi: wewe, bunduki begani, na karatasi yenye matundu matatu yanayogusana.

Usimcheke. Machi 1977, waasi wa FNLC walipotoka Angola wakauteka mji huu, yeye alikuwa mtoto mdogo. Mji ulirudi mikononi mwa serikali tarehe 25 Aprili kwa msaada wa Wamoroko. Aliyelala porini muda wote huo hawezi kulisikia neno bunduki kama unavyolisikia wewe. Nimemweleza kwamba hiyo Ruger 10/22 ni ya risasi ndogo za .22, na kwamba uwanja wa shabaha una msimamizi. Ametulia kidogo. Sasa nakugeukia wewe, maana kwetu mpwa ni mtoto wa mjomba.

Umeandika, “Mjomba, inapiga palepale.” Umejuaje? Kwa risasi tatu?

Babu yako alikuwa na kalibre 12 ya mtutu mmoja, yenye kibali. Akinunua katushi za aina nyingine, haingii nazo porini kabla hajazijaribu. Alibandika karatasi ya mfuko wa saruji kwenye kichuguu, kile kikubwa kupita nyumba, kwa sababu udongo wake humeza risasi na haurudishi. Anapima hatua, anapiga, kisha ananituma nihesabu matundu kwa kidole: mangapi ndani ya duara alilochora kwa mkaa, mangapi nje. Ya nje ndiyo aliyoyatazama sana. Katushi zilikuwa ghali, lakini alikubali ziishie kwenye karatasi kuliko kumjeruhi mnyama akakimbilia kufa mbali.

Basi rudi uwanjani. Kaza kwanza skrubu za darubini na ile inayoshika bunduki kwenye mbao yake. Ilaze juu ya mifuko ya mchanga, tujue kosa la bunduki ni lipi na la mikono yako ni lipi. Karatasi iwe mita 50. Piga risasi 10, badilisha karatasi, piga 10 nyingine, hadi karatasi tano, zote kwa risasi za aina moja. Kila karatasi, pima matundu mawili yaliyoachana zaidi, kutoka kati hadi kati, na usitupe hata moja. Ukichagua ile nzuri tu, umepima bahati yako. Angalia pia risasi ya kwanza ya kila magazini: hiyo unaiingiza kwa mkono, zinazofuata bunduki inajilisha yenyewe, na wakati mwingine ya kwanza huenda kando peke yake.

Halafu jaribu risasi za aina nyingine. Kwenye .22 baruti ya kuwashia imo katika ukingo wa ganda, na isipoenea sawasawa mwendo wa risasi hubadilika. Zile zisizopita mwendo wa sauti mara nyingi hukusanyika vizuri zaidi, lakini baadhi ni dhaifu, hazisukumi chuma nyuma vya kutosha na ganda linakwama. Likikwama, mtutu ubaki umeelekea shabaha, kidole kitoke, magazini itoke, ndipo ushughulike na ganda. Usivutane nalo kwa hasira. Risasi hiyo unayoiita ya kuchezea inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu, na haimjui mwenye nyumba.

Nyumbani bunduki ikae kwenye kufuli, risasi mahali pengine. Watoto wa dada yako wanajua kufungua kila kabati, wewe mwenyewe umenisimulia. Na ukija kututembelea, iache hukohuko. Nchi hii inasimamia silaha kwa sheria ya mwaka 1985, na asiye na kibali hana wa kumtetea, hata mjomba wake.

Mjomba wako akupendaye