Utani katika Muziki wa Dansi

Wengi wetu tuliopita shuleni hudhani kwamba msanii akiacha huzuni na kushika mzaha, basi ameshuka daraja. Dhana hiyo hatuikubali, na hapa tutaipima kwa mfano wa Remmy Ongala.

Mwanamuziki huyu alizaliwa Kindu, nchini Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akaongoza Super Matimila. Katika miaka ya 1980 alisifika kwa nyimbo nzito, kama vile "Kifo", anamoyalalamikia mauti, na "Sauti ya Mnyonge", anamowasemea maskini. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, akatoa "Mambo kwa Soksi". Huo ulikuwa wimbo wa mzaha, na soksi aliyoiimba haikuwa ya mguuni, bali mpira wa kiume. Radio Tanzania haikukubali kuupiga.

Sisi tulikuwa vijana wa Kilwa Kivinje wakati huo. Wimbo ulitufikia kwa kanda zilizovuka Rufiji kwa kivuko, maana daraja halikufunguliwa hadi mwaka 2003. Wazee barazani walichukia. Walisema kwamba mtu aliyetuliza kwa "Kifo" hakustahili kutuchekesha kwa jambo la aibu.

Lakini wazee hao hao walikuwa na watani. Huku kwetu, kwa Wamatumbi, Wangindo na Wamwera, mtu akifa watani wake hufika msibani na kejeli. Humwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, huku wafiwa wakicheka na machozi yangali mashavuni. Hakuna anayewaita wahuni, kwa kuwa mtani huyo huyo ndiye achimbaye kaburi na kushughulikia mazishi. Mzaha wake ni sehemu ya kazi hiyo: hulitaja jambo ambalo ndugu, kwa uchungu au kwa haya, hawawezi kulitaja.

Na jambo la kutotajika lilikuwapo. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ugonjwa ulipoenea, watu waliunong'ona tu. Tulizika wenzetu wa rika letu, na matangani ikasemwa kuwa ni homa, au ni kurogwa. Mahubiri yalikuwapo, na vitisho vilikuwapo, lakini vyote viliongeza haya. Wimbo wa soksi ulifanya kazi ya mtani. Kijana aliyeshindwa kulitaja jambo lenyewe aliweza kusema "soksi", akacheka; na akisha kucheka, amekwisha kulitaja.

Kwa hiyo hatuoni kwamba Remmy aliukimbia msiba wa "Kifo" alipoingia katika mzaha. Alibaki msibani pale pale, ila alibadili nafasi yake: kwanza alilia kama mfiwa, kisha akasema kama mtani. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010.

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa, alitutaka tutafute yaliyo bora katika mila za makabila yetu. Utani ni mojawapo. Walimu wanapouchambua wimbo wa kuchekesha mbele ya wanafunzi, wasiishie kuuliza kama una adabu. Waulize pia unachimba kaburi la nani, na unamwokoa nani asizikwe.