Nilijiombea Njaa

Wahenga walisema adui mwombee njaa. Lakini hawakutuambia mtu afanye nini iwapo adui mwenyewe ni mwili wake. Mimi, mpenzi msomaji, nilijiombea njaa kwa majuma matano, na dua yangu ikajibiwa kupita kiasi. Yaliyonipata ndiyo ninayotaka kukusimulia, nawe usicheke kabla ya kufika mwisho.

Kisa kilianza na zipu. Siku ya kufungua shule muhula wa kwanza, nilivaa sketi yangu ya sare, ile ile niliyonunuliwa nilipoingia kidato cha kwanza. Zipu ilipanda hadi katikati ikakataa katakata. Nikavuta pumzi, nikaingiza tumbo ndani, nikalala chali kitandani kama samaki aliyeanikwa. Wapi! Hatimaye nilifunga kwa pini na kuteremsha sweta juu yake. Mama alikuwa jikoni akihesabu pesa: hizi za karo, hizi za chakula cha mchana, hizi za daftari za ndugu yangu mdogo. Ningemwambiaje kwamba nataka sketi mpya? Nikanyamaza.

Shuleni mambo yakazidi unga. Wavulana wanaokaa nyuma ya darasa waliiona ile pini, wakanibandika jina "Tani Moja". Nikiingia darasani, mmoja wao alitoa mlio wa lori linalopanda mlima. Nilicheka pamoja nao, maana usipocheka unachekwa mara mbili. Lakini njiani kurudi nyumbani machozi yalinilengalenga. Usiku huo nikaapa: kuanzia kesho chakula cha mchana sili, na cha jioni nitaonja tu. Sketi hii itafunga, liwe liwalo!

Siku ya kwanza ilipita kama mchezo. Hata nilijisifu. Siku ya tatu njaa ilikuja na mizigo yake ikahamia kwangu. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alilikataa jembe, akaketi tumboni na kuanza kuniamrisha. Mwalimu wa Hisabati akichora duara ubaoni, mimi naona chapati. Mwalimu wa Jiografia akichora mlima wa volkeno, mimi naona ugali uliopinduliwa kwenye sinia. Ilipokaribia saa saba kasorobo, harufu ya githeri ilipenya madirishani, nami nikaanza kumeza mate kama mtoto anayeota meno.

Nilijaribu kuihadaa njaa. Nilikunywa maji ya mfereji mpaka tumbo likawa linacheza kama mtungi. Maji yalikaa kidogo yakaenda zake, njaa ikabaki pale pale. Nilijaribu kulala kwenye dawati, nikaota nakula. Nilijaribu kuzunguka uwanja, nikarudi nimechoka na njaa imeongezeka. Nilianza kusikia baridi mchana wa jua kali. Tena nikawa mkali kama pilipili. Mtu akiniazima rula, namjibu kama kwamba ameniomba figo.

Sasa ninafika mahali panaponiaibisha. Wiki ya tatu mjomba alitutembelea, mama akapika chapati. Nilikula nusu, nikasema nimeshiba. Usiku wa manane miguu ilinipeleka jikoni. Sikuwasha taa. Nilikula chapati nne zilizobaki, nimesimama, kavu hivyo hivyo, bila hata kusikia utamu wake. Nikarudi kulala nikijichukia.

Asubuhi mama akafunua sufuria. Akamwita ndugu yangu, ambaye bado yuko shule ya msingi.

"Chapati ziko wapi?"

"Mimi sijui, Mama. Haki ya Mungu sijui."

"Zimeota miguu, sivyo? Leo utaenda shule na chai ya rangi, na chapati usizisikie tena mwezi huu."

Mimi nilikuwa mlangoni nikipiga viatu rangi. Sikuinua kichwa. Nilisikia akilia hadi barabarani, nami nikaendelea kusugua kiatu ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

Juma hilo nilimfuata mwalimu wetu wa Biolojia. Nilimwambia kuna "rafiki yangu mmoja" anayejinyima chakula apungue, lakini hawazi kitu ila chakula, na usiku anakula kama nzige. Mwalimu alinitazama kitambo. Nadhani alimjua rafiki huyo. Akaniambia habari ambayo sijaisahau.

Alisema kwamba mwaka 1944 na 1945, vita vya pili vya dunia vikielekea ukingoni, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachunguza vijana 36 wa kiume waliojitolea wenyewe. Walikuwa na afya nzuri. Kwa miezi karibu sita walipunguziwa chakula kikawa kama nusu ya walichozoea. Basi watu wazima hao wakawa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wanalamba sahani, wanagombana bure, wanasikia baridi. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula na kula na bado wakasikia njaa.

"Walikuwa na tabia mbaya?" nikauliza.

"Hapana. Walikuwa na miili," akajibu.

Akanieleza kuwa mwili haujui habari za sketi. Ukinyimwa chakula, hudhani kwamba ukame umeingia, nao huanza kujitetea. Mafuta ya mwili hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuambia ubongo kwamba akiba iko. Tumbo nalo hutoa ghrelini, iliyogunduliwa na wataalamu wa Japani mwaka 1999, ambayo huita chakula. Mtu akijinyima, ile ya kwanza hupungua na hii ya pili hupanda. "Kwa hivyo mwambie rafiki yako hajalogwa, wala si mlafi," akasema. "Tena umri wenu huu ni wa kukua. Asiruke mlo. Ale maharagwe, mboga na ugali wa kumtosha, apunguze soda na mandazi, alale vya kutosha. Akiwa bado na wasiwasi, aende akapimwe na daktari, si na wavulana wa nyuma ya darasa."

Maneno hayo yaliniingia, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nilisema nitaendelea juma moja tu, zipu imebakiza kidogo.

Saa za chakula nilikuwa naenda kukaa chini ya mjakaranda ulio mwisho wa uwanja, mbali na harufu ya jikoni. Jirani yangu wa dawati naye alikuwa anakaa pale. Tulikuwa tukiketi bega kwa bega, yeye na kitabu chake, mimi na tumbo langu. Sikuwahi kumwuliza kwa nini haendi kupanga foleni. Niliona ni mtu wa kupenda kusoma tu.

Siku moja alitoa kiazi kitamu kilichochemshwa, kimefungwa kwa karatasi ya daftari. Akakivunja vipande viwili, akanipa kile kikubwa.

"Chukua. Najua hata kwenu mambo ni magumu. Mama alipata kibarua jana."

Nilishikwa na kigugumizi. Kukikataa ilikuwa vibaya, kukila ilikuwa vibaya zaidi. Ndipo nilipomweleza ukweli, kwamba chakula changu kimelipiwa muhula mzima na kwamba nimekiacha kwa hiari yangu. Nilitarajia anitukane. Hakunitukana. Alikitazama kile kiazi mkononi mwangu, kisha akaniuliza polepole:

"Kwa hivyo, sahani yako huwa inaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Jioni hiyo nilimkuta mama akichambua sukuma wiki. Nilianza na chapati, nikaja kwa sketi, nikamalizia na mjakaranda. Ndugu yangu alikuwa pale akisikiliza, macho yamemtoka. Mama hakunigombeza. Aliomba sketi, akaigeuza ndani nje, akaisogeza karibu na taa.

"Njoo uone," akasema. "Hapa kando kuna kitambaa kimekunjwa, na huku pia. Fundi alikiacha makusudi. Alijua mtoto hukua."

Kesho yake tuliipeleka kwa fundi cherehani pale sokoni. Alifumua, akashona, akapiga pasi, na kazi ikaisha kabla jua halijatua. Majuma matano ya mateso, na dawa ilikuwa imekunjwa ndani ya sketi yenyewe! Ndugu yangu alinisamehe kwa bei ya mandazi mawili na ahadi kwamba chapati zikipikwa tena nitampa moja yangu. Mama naye alimwomba radhi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Siku hizi mlio wa kengele ya chakula ukisikika, napanga foleni. Jirani yangu naye huja na kijiko chake, tunakula sahani moja. Kusema kweli, sahani moja haiwatoshi watu wawili, na saa tisa matumbo yetu huanza kuitana. Lakini mpishi ametuona, na naapa kijiko chake kwangu kimeanza kuwa kirefu. Mwalimu wa zamu naye alitupitia juzi, akaandika kitu katika daftari lake, akaenda. Tunangoja.

Tani Moja bado naitwa. Sijawa mwembamba kama sindano, na sitaki kukudanganya kwamba sijali tena. Kuna asubuhi ambazo kioo hunikasirisha. Lakini nakunywa chai kwanza, ndipo nakasirika.

Wahenga walinena pia kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwangu ilikuwa ajabu zaidi: nilikuwa na njaa usiku na mchana, na bado sikumjua mwenye njaa aliyeketi kando yangu. Basi wewe unayesoma, ikiwa kuna mwenzako asiyepanga foleni pale jikoni, usidhani anapenda kusoma. Mwulize.