Kombi na Waya wa Kahawia

Niliingia kazi ya umeme wa magari katika gereji moja ya Shimanzi, Mombasa, wakati Kombi za Volkswagen zilizokuwa zikipeleka watalii Tsavo zilikuwa zimeanza kuuzwa kwa bei ya kutupa. Nyingine ziliishia kubeba mboga. Nyingine zilinunuliwa na wageni wa Nyali na Diani, wakatia kitanda, jiko la gesi na friji, wakawa wanalala nazo porini. Hizo za kulala ndizo zilizonilisha.

Mzee aliyenifundisha alinipa namba kabla ya kunipa koleo. Katika gari la Kijerumani kila terminali ina namba yake: 30 ni umeme wa betri usiokatika, 15 huja ukifungua swichi, 50 huenda kwenye stata, 31 ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Rangi za nyaya nazo zina maana: mwekundu ni wa betri, mweusi wa swichi, wa kahawia ni athi. Hata tukila alikuwa akiniuliza, "Mwanangu, 61 yaenda wapi?" Nami hujibu, "Taa ya chaji, mzee."

Nyaya za kiwandani zilinisumbua kidogo sana. Kilichonisumbua ni hewa ya bahari na mafundi wenzangu. Fyuzi za Kombi za zamani zina kipande cha chuma kilicho wazi, na vibanio vyake huota kutu ya kijani. Fyuzi unaiona nzima, umeme haupiti. Ukiisugua kwa msasa na kuizungusha, taa zinarudi. Wengine, badala ya msasa, huviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kisha wanashangaa waya ukiyeyuka.

Friji ndiyo iliyoleta ugomvi mwingi nyumbani kwa watu. Kombi ya kulala huwa na betri ya pili, na relei inayoziunganisha betri mbili inatakiwa iamshwe na 61, yaani alteneta inapochaji tu. Fundi mvivu huichukua 30 iliyo karibu. Relei haizimiki, friji inakula betri zote mbili usiku kucha, asubuhi baba anamlaumu mama kwa kuacha taa. Nilikuwa nikihamisha waya mmoja, basi.

Lakini kazi ninayoisimulia zaidi ni ya Wajerumani wawili, mke na mume, waliokuwa wakishuka barabara kutoka Cairo na Kombi ya miaka ya sabini. Injini ikipata moto, stata inagonga "tak" na kunyamaza. Walikuwa wameshabadilisha betri, wakabadilisha na stata. Dhana ya kwanza ya fundi yeyote ni waya wa 50, kwa kuwa unatoka kwenye swichi mbele hadi stata nyuma, volti zikipungua njiani. Dawa yake ni relei. Ila bwana alinitajia jambo jingine: kebo ya akseleta imekuwa nzito na inanuka moto. Nikaweka mita, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye gia boksi, nikamwambia mama apige stata. Mita ilitakiwa isome chini ya nusu volti. Ilipita volti 3.

Injini na gia boksi zimekalia mipira, kwa hiyo athi yake hupitia mkanda wa shaba uliosukwa, unaoifunga pua ya gia boksi na bodi. Mkanda ulikuwa umeliwa na kutu. Umeme wa stata ukajitafutia njia kwenye kebo ya akseleta, ndiyo maana ikaungua. Tulifunga mkanda mpya, tukasugua chuma mpaka king'ae, na gari likawaka.

Wewe mwenye Kombi, fundi akikwambia ununue stata, mwombe kwanza akuonyeshe mita inasoma nini kati ya gia boksi na betri. Akikuambia hana mita, chukua ufunguo wako uende kwa mwingine.