Saa ya Claudia

Cucu alinipigia simu kutoka Othaya nikiwa kwenye matatu, Thika Road imekwama kabisa. Alikuwa ametoka kliniki na tembe za presha.

"Mume wangu," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la guka. "Mtoto wa jirani amenisomea pakiti. Ati 8 na 8. Ndio saa ngapi hizo?"

"Saa nane na saa nane, cucu. Usikose hata siku moja."

Nilikuwa na haraka. Nilitafsiri nambari, sikutafsiri saa.

Mwezi uliofuata nilienda nyumbani nikamkuta amefungwa bandeji kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi ya jikoni, saa nane usiku, Julai, baridi ya Aberdare ikikata mifupa. Alikuwa akienda kuchukua maji ya kumezea dawa. Karibu wiki nne alikuwa akiamka kila usiku, na hakumlalamikia mtu. Daktari ameandika, na mjukuu aliyesoma amethibitisha.

Kwa cucu, saa nane haina utata. Kikuyu chetu kilichukua neno thaa kutoka kwa saa ya Kiswahili, pamoja na hesabu yake: saa za mchana zinahesabiwa tangu jua lichomoze. Huku kwetu hesabu hiyo haidanganyi. Ikweta inapita Nanyuki, kama kilomita 60 kutoka Nyeri mjini, kwa hiyo jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Aliyepotea ni mimi, ninayesema "eight" kutwa nzima ofisini.

Basi tukatafuta saa ambayo sote wawili tungeielewa. Ya asubuhi ilikuwa rahisi: gari la maziwa likishaondoka. Ya usiku aliamua mwenyewe: "Nitameza Claudia akitokea."

Claudia ni yule mama tajiri, katili, wa Pangako Sa 'Yo, tamthilia ya Ufilipino iliyoanza mwaka 2000 na ambayo sisi tuliijua kama The Promise. Yna, mfanyakazi wa nyumbani, anapendana na Angelo, kijana wa nyumba kubwa, na Claudia hataki kusikia. Ilitiwa sauti za Kiingereza, lugha ambayo cucu hajui, lakini hakuhitaji mkalimani. Mama mkwe ni mama mkwe. Habari za saa moja zikiisha, majirani waliingia na stuli zao, na muziki wa kuanza ulipolia cucu alikuwa tayari na kikombe mkononi.

Baadaye nilisoma kwamba Wafilipino hutaja saa kwa maneno ya Kihispania. Saa mbili yetu ya usiku kwao ni alas-otso, urithi wa zaidi ya miaka 300 ya kutawaliwa na Uhispania. Tena wana msemo wa kujitania kwa kuchelewa, "Filipino time", ndugu wa "African time" yetu. Nilicheka. Watu wa saa za kuazima, kama sisi, ndio waliokuwa wanamtunzia cucu wangu dawa.

Kisha stima ikapotea siku tatu. Nilipopiga simu, sauti yake ilikuwa imechoka. Kichwa kinamzunguka, akasema.

"Umemeza dawa ya usiku?"

"Hapana. Claudia hajakuja."

Hakuwa anatania. Nilipanda matatu ya Nyeri jioni hiyo hiyo, na njia nzima wazo moja halikuniacha: hata stima ikirudi, kipindi kitaisha siku moja. Presha haina kipindi cha mwisho.

Tangu hapo mimi ndiye hupiga simu, saa mbili kamili usiku. Hatuongei mengi. Nasikia maji yakimiminwa, nasikia kikombe kikiwekwa mezani, tunatakiana usiku mwema. Wakati mwingine niko na marafiki, nasimama kando kidogo.

Juzi jam ilinishika, nikapiga saa mbili na robo.

"Mume wangu," akasema, "Claudia alikuwa na roho mbaya, lakini hakuwa anachelewa."