Ngazi 13

Tunu hakuwa mbwa wangu. Alikuwa wa bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake hapa Minnesota. Bibi alipofariki, wanawe walikuwa wanaishi mbali na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutomchukua. Nikasema nitakaa naye wiki mbili. Huu ni mwaka wa nne.

Kwetu Muheza mbwa ni mlinzi. Analala nje, anakula makombo, na akizeeka hakuna anayeuliza anaumwa wapi. Ndivyo nilivyolelewa, na ndiyo maana sikuona mapema. Tunu ni Labrador, wakati ule alikuwa na miaka tisa. Ngazi za nyumba yangu ni 13, na usiku nilizoea kusikia makucha yake yakipanda nyuma yangu, moja moja. Msimu wa baridi ulipoingia mlio ukabadilika. Miguu ya nyuma ilianza kuruka kwa pamoja, kama sungura. Kisha akawa anapanda nne, anasimama, anahema. Mwezi Januari akaacha kabisa. Alilala chini ya ngazi, kidevu juu ya kidato cha kwanza, akinitazama nikipanda.

Daktari wa kwanza alimtazama kwa dakika tano akasema ni uzee. Nilirudi naye nyumbani nikaamini. Miezi mitatu niliyopoteza hivyo bado inaniuma.

Daktari wa pili alimpiga eksirei. Nyonga zote mbili zilikuwa zimelika: gegedu limechakaa, mfupa umeota vinundu pembeni. Osteoathritisi. Alimwandikia kaprofeni, na kwa wiki kadhaa Tunu akachangamka. Halafu vipimo vya damu vikaonyesha ini linasumbuka, dawa ikasimamishwa. Hapo ndipo niliposikia habari za seli shina.

Nilimuuliza daktari huyo wa pili maswali mengi, naye hakuchoka. Akaniambia wazi kwamba seli hizo hazijengi nyonga mpya. Mwanasayansi Arnold Caplan, aliyezipa jina la seli shina za mesenkaima mwaka 1991, mwenyewe aliomba mwaka 2017 jina hilo libadilishwe, kwa sababu kazi kubwa ya seli hizo mwilini ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kuamuru tishu zijitibu. Akanieleza pia kwamba hapa Marekani hakuna dawa ya seli shina ya mbwa iliyokuwa na idhini kamili, ingawa Ulaya walikuwa wameidhinisha moja, DogStem, inayotokana na kamba ya kitovu ya farasi. Ushahidi upo lakini ni mdogo: utafiti wa mwaka 2007 uliowalinganisha mbwa waliodungwa seli nyongani na wale wasiopewa, ambao ulionyesha kuchechemea kumepungua, ulikuwa na mbwa 21 tu.

Nilimpenda kwa ukweli huo. Anayekuuzia matumaini hakuhesabii mbwa.

Dada yangu aliponipigia kutoka Tanga nikamtajia gharama, maelfu ya dola. Akanyamaza, kisha akasema, "Mdogo wangu, pesa hizo si zingepaua nyumba ya mama?" Nikamjibu, "Dada, nyumba ya mama nilishaipaua mwaka jana." Hakusema tena. Lakini tangu siku ile kila Jumapili huuliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Kabla ya yote daktari alinipa sharti: uzito. Tunu alikuwa na kilo 38. Nikaacha kumpa mabaki ya mezani, nikampimia chakula kwa kikombe, na tulipofika kilo 33 akapangiwa siku. Alipigwa nusukaputi, akachanwa kidogo tumboni, yakatolewa mafuta ya chini ya ngozi kama vijiko viwili vya chakula. Nilionyeshwa: manjano, laini, kama mafuta ya kuku. Yakawekwa kwenye barafu na kupelekwa maabara, ambako yalichanganywa na kimeng'enya kinachovunja kolajeni, seli zikachujwa. Baada ya siku mbili zilirudi ndani ya bomba la sindano. Kioevu kidogo tu, rangi ya maji ya mchele. Akadungwa nyonga ya kulia, kisha ya kushoto.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili nikadhani naona nafuu, lakini daktari alikuwa ameshanionya nisijidanganye. Hapa hapa Chuo Kikuu cha Minnesota walishiriki katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 wa mbwa 58 waliopewa dawa bandia. Wengi wa wenye mbwa, hata madaktari, waliona nafuu ambayo vipimo vya nguvu za mguu havikuiona. Kwa hiyo nilikuwa nimempiga video kabla ya sindano, mahali palepale, saa ileile, nikaendelea kila Jumamosi.

Wiki ya sita video ikanijibu. Alipanda ngazi tisa bila kusimama, mguu mmoja mmoja. Wiki ya tisa akafika juu, akaingia chumbani, akajilaza kwenye zulia lake la zamani kama aliyeondoka jana. Nilikaa sakafuni nikalia.

Siwezi kukuambia ni seli peke yake. Kilo tano alizopunguza zilifanya kazi yake, na matembezi ya kila siku pia. Ninachojua ni kwamba uzito ulipungua kabla ya sindano na ngazi zilikuwa bado zinamshinda. Nafuu ilidumu mwaka mmoja na miezi kidogo, kisha baridi iliyofuata akaanza tena kukakamaa asubuhi. Seli nyingine zilikuwa zimegandishwa maabara; amedungwa tena mwezi Machi.

Wewe uliye na mbwa anayeruka ngazi kama sungura, au anayechelewa kuinuka asubuhi, usikubali kuambiwa ni uzee. Omba eksirei. Mpunguze uzito kwanza, hilo halina gharama. Daktari akikutajia seli shina, muulize wamejaribiwa mbwa wangapi, na umpige mbwa wako video kabla hajachomwa sindano.