Mwanamke wa Nne

Mimi ni mpenzi wa riwaya za upelelezi tangu ujana. Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake ndiye aliyenizoesha. Raha ya riwaya hizo ni kwamba mpelelezi hadaiwi chochote na aliyepotea. Huitwa, akachunguza, akaenda zake. Vera Atkins hakujaliwa hivyo, maana majasusi aliowatafuta alikuwa amewaaga mwenyewe.

Vera alifanya kazi London katika SOE, idara ya siri iliyopeleka majasusi Ufaransa ilipokuwa mikononi mwa Wajerumani. Kabla hawajapanda ndege aliwapekua mifuko, asije mtu akashuka Ufaransa na tiketi ya basi ya London. Juni 1943 alimuaga Noor Inayat Khan, binti wa mwalimu wa Kisufi kutoka India na mama Mmarekani, mwandishi wa hadithi za watoto. Noor ndiye mwanamke wa kwanza idara hiyo kumpeleka kule kuendesha mtambo wa redio. Aliisifia pini ya fedha yenye umbo la ndege iliyokuwa kwenye koti la Vera. Vera akaivua, akampa.

Oktoba Noor alikamatwa Paris. Wajerumani waliutumia mtambo wake kutuma ujumbe kana kwamba ni yeye, na London ikawa inajibu. Majasusi wengine wakatumwa, wakatua mikononi mwa adui. Lawama hiyo Vera na wakubwa wake hawawezi kuikwepa.

Vita vilipokwisha, majasusi 118 wa kitengo cha Ufaransa hawakujulikana walipo. Vera alikwenda Ujerumani akawahoji walinzi wa magereza na maofisa wa kambi, akapata hatima ya 117. Ni kazi kubwa, sibishi. Ila mimi hunivuta zaidi pale alipokosea.

Mashahidi walimweleza habari za wanawake wanne waliouawa katika kambi ya mateso ya Natzweiler, Julai 1944. Watatu walitambulika. Wa nne, kwa maelezo ya sura, alifanana na Noor, basi ikaandikwa kuwa ni yeye. Nimeona hata katika familia zetu jibu la kwanza likipokelewa kwa sababu tu watu wamechoka kuuliza.

Kisha ukaja ushahidi wa gereza la Pforzheim: palikuwa na mfungwa aliyetiwa minyororo, aliyewasiliana na wenzake kwa kukwaruza maneno chini ya bakuli la chakula. Alikuwa Noor, na Septemba alikuwa bado hai. Vera akalifungua faili upya. Noor aliuawa katika kambi ya Dachau, tarehe 13 Septemba 1944, na mwaka 1949 akatunukiwa nishani ya George Cross.

Sasa yule wa nne ni nani? Aliitwa Sonia Olschanezky. Aliandikishwa hukohuko Ufaransa, hakupitia London, kwa hiyo hapakuwa na mtu ofisini aliyemsubiri wala wa kuulizia habari zake. Jina lake lilikuja kujulikana miaka ya 1950 kwa juhudi za mwandishi Elizabeth Nicholas. Huyu hakuwa polisi wala jasusi. Alikuwa amesoma shule moja na Diana Rowden, mmoja wa wale wanne, akataka kujua rafiki yake alikufa vipi na alikuwa na nani.